Bwana Alimtoa Dorika Katika Chupa ya Tulia

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, aliye hai asubuhi ya leo kama alivyokuwa hai jana. Sifa zote ni zake!

Tarehe tisa mwezi wa Machi, mwaka wa 1948, tulimzika mtoto wetu Esta. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Kichomi kilimshika mvua za kwanza zilipoanza, na kabla ya Jumapili alikuwa ametuacha. Hatukuweza kumpeleka kwetu Maragoli, kwa hiyo tulimzika hapa hapa Eldoret, mbali na babu zake. Mama mkwe wangu alipata habari wakati majani yameshaanza kuota juu ya kaburi.

Wengi wenu mnanijua kwa sababu mimi ni askari polisi, si kwa sababu nasema sana. Sijawahi kusimama mbele ya kanisa. Nimesoma mpaka darasa la nne, na anayetafuta maneno matamu amngojee mchungaji. Mimi nitasema mambo yalivyokuwa. Mke wangu Dorika ameketi pale benchi la tatu. Ndiye aliyeniruhusu. Jana aliniambia, "Useme yote, Baba Esta. Usinipambe." Basi sitampamba.

Akina mama mnajua lililofuata. Maziwa ya Dorika hayakujua kwamba mtoto amekwenda. Yaliendelea kuja, titi likavimba, likafanya jipu, naye akashikwa na homa. Nilimpeleka katika ile hospitali ndogo iliyojengwa pembeni ya mji kwa ajili ya wapasua mbao, ambayo siku hizi haipo tena. Daktari mmoja mzee, Mzungu, alilipasua lile jipu na kumpa dawa ya maumivu. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, chungu sana, ya kutia matone machache katika maji. Daktari alituambia kwamba ndani yake mna kasumba, ile afyuni. Alisema ni dawa nzuri kwa mtu aliyepasuliwa, lakini si ya kufanya rafiki. Kidonda kikipona, dawa iishe.

Kidonda kilipona. Dawa haikuisha.

Hapo ndugu zangu lazima niwaeleze habari ya Mama Tabitha. Alikuwa mjane, dobi wa hospitali ile, akifua mashuka ya wagonjwa. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto Sosiani, hatua chache kutoka nyumba zetu za askari, pale laini ya polisi. Katika siku za msiba akina mama wengi walikuja na vikapu vyao, wakatufariji, Mungu awabariki. Lakini watu walikuwa hawajui tena kutuita nani. Waliogopa kusema Mama Esta. Wakamwita Dorika, wakamwita dada, wengine wakasema "wewe" tu. Mama Tabitha peke yake alisimama mlangoni kila mara na kuita kwa sauti, "Hodi kwa Mama Esta!" Dorika akisikia jina hilo aliinuka kitandani. Nami nilimpenda yule mama kwa ajili ya jambo hilo moja.

Kwetu Maragoli kikapu kinacholetwa nyumba ya msiba hufunikwa kitambaa. Mwanaume hakifunui. Hata akiwa na njaa, hakifunui. Hayo ni mambo ya akina mama. Na kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga utatia mayai, ukiletewa unga utatia viazi, hata kama ni viwili tu. Mwanamke anayerudisha kikapu kitupu anasemwa mpaka kwao alikozaliwa.

Baada ya msiba Dorika alikuwa amekata tamaa ya kila kitu. Vikapu vya watu vililala nyumbani wiki nzima. Kisha nikaona badiliko. Mama Tabitha alikuwa anakuja na kikapu chake chenye mboga ya mrenda, wanaongea kidogo jikoni, na anapotoka kikapu kimefunikwa vizuri na tena ni kizito! Ndugu zangu, nilifurahi. Nilisema moyoni, mke wangu anarudi. Ameanza tena kujaza kikapu cha mwenzake. Siku moja nilimwambia hivyo usoni.

"Naona umeanza kukumbuka adabu ya kwetu, Dorika."

Akatabasamu. "Ndiyo, Baba Esta."

Nami nikaenda kazini nikiimba njia nzima. Ndiyo maana nasema shetani anatujua mpaka desturi zetu. Kama angekuja na mtungi wa pombe ningemfukuza kwa rungu la serikali. Alikuja na mrenda.

Mambo mengine niliyaona na sikuyafahamu. Dorika alilala mchana, na alipoamka macho yake yalikuwa na mboni ndogo kama ncha ya sindano. Alipika chakula akasahau chumvi, siku nyingine akasahau kuwasha moto. Sufuria yetu kubwa haikuonekana. Alisema amemwazima mtu. Blanketi la pili halikuonekana. Alisema limeliwa na panya, akalitupa. Lililonisumbua zaidi ni hili: hakulia. Tangu lile jipu lilipopasuliwa hakumlilia mtoto hata mara moja. Watu walimsifu. Walisema, "Tazameni imani ya dada huyu." Lakini mimi nililala karibu naye, na ilikuwa kama kulala karibu na nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Sasa upande wa kazi. Mwezi wa Agosti daktari yule mzee alikuja kituoni kwetu amekasirika. Kulikuwa na mgonjwa anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, aliyepondwa mkono na gogo huko msituni. Walimkata vidole vitatu. Walimpa dawa ya maumivu, akaendelea kulia. Wakamwongezea, akazidi kulia. Dresa mmoja, msaidizi wa daktari aliyeshika ufunguo wa kabati, akasema huyu ni mwoga tu. Ndipo daktari akaionja ile dawa kwa ulimi wake mwenyewe. Ilikuwa chai ya rangi! Chai, ndugu zangu, bila hata sukari!

Inspekta wetu, Mwingereza, akatuambia sheria ilivyo. Dawa ile haishikwi na mtu ye yote bila cheti cha daktari. Anayeiiba ana kesi, anayeiuza ana kesi, anayeinunua ana kesi. Akatueleza pia kwamba huko mitaani imeshapata jina. Watu wanaiita "tulia". Makarani wanainunua, wapishi wa Wazungu wanainunua, hata mke wa mtu mwenye cheo anainunua. Hakusema ni nani.

Tulipewa kazi ya kupekua watu kwenye lango la hospitali, mimi na Sajini Kiptoo, ambaye ameketi pale nyuma na leo ni ndugu yetu katika Bwana. Wakati ule alikuwa bado, na ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili. Tulipekua mifuko, makoti, kofia. Tulikuta sabuni, tulikuta mkate, tulikuta kijiko cha mpishi. Chupa zilikuwa nyingi mno, kwa maana mnakumbuka siku zile chupa zilikuwa haba na kila mgonjwa alikwenda hospitali na chupa yake kutoka nyumbani, ameiziba kwa gunzi la mahindi. Kila mtu alitoka na chupa ya dawa yake ya kikohozi au ya tumbo. Tulizinusa mpaka vichwa vikauma, na hakuna kitu tulichopata.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hatukugusa. Ni vikapu vya akina mama. Sajini aliliona jambo hilo kabla yangu.

"Wewe, mbona huyo mama amepita na kikapu hukukifungua?"

"Kimefunikwa, Sajini. Labda anakwenda msibani."

"Na yule wa asubuhi?"

"Naye labda anakwenda msibani."

Akanitazama. "Nyinyi Wamaragoli mnazika kila siku? Nani amebaki kwenu wa kuchimba makaburi?"

Askari wengine walicheka sana, nami nikacheka. Kisha akasema bila kucheka, "Kesho unafungua vikapu vyote. Ukiona haya, fumba macho."

Nataka niwaambie, usiku huo nilimwomba Mungu mambo mengi, lakini kwa habari ya vikapu nilimwomba tu kwamba wazee wa kwetu wasisikie.

Kesho yake, madobi walipotoka saa ya chakula, nilifungua vikapu. Akina mama walinitukana kwa Kinandi, kwa Kiluhya na kwa Kikuyu. Mmoja aliniuliza kama mke wangu hanipikii. Nikavumilia. Kisha akaja Mama Tabitha. Aliponiona alicheka, kama mtu aliyemkuta ndugu yake mlangoni.

"Baba Esta! Leo umepewa kazi ya wanawake?"

"Nisamehe, mama. Ni amri."

"Huyu mtoto wangu," akawaambia wenzake, na akataka kupita.

Nikashika kikapu. Nikafunua kitambaa. Juu palikuwa na mrenda. Nikatia mkono chini ya mrenda, na mkono wangu ukagusa sufu.

Ndugu zangu, sikuhitaji kuitoa nje ili niijue. Niliitoa. Ilikuwa sweta nyekundu yenye ukingo mweupe mikononi, na kifungo kimoja cha bluu kwa sababu kile chekundu kilipotea na Dorika hakupata kingine. Aliifuma wakati wa mimba. Esta aliivaa mpaka siku alipougua, na baada ya mazishi Dorika aliiweka chini ya mto wake, naye alinikataza nisiiguse. Sasa ilikuwa hapa langoni, imeviringishwa kwenye chupa mbili zilizozibwa kwa magunzi, ili zisigongane njiani zikalia.

Mama Tabitha aliacha kucheka. Akasogea karibu, akasema chini chini, na hakuna mtu aliyesikia isipokuwa mimi.

"Baba Esta. Ukinishika mimi, umemshika na Mama Esta. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa hiyo. Sikumnyang'anya. Nifunikie kikapu changu nipite, na wewe uende nyumbani kwako ukiwa na mke."

Nilisimama na ile sweta mkononi. Wanawake walikuwa nyuma yake wakilalamika kwamba nawachelewesha. Sajini alikuwa upande wa pili wa lango, amenipa mgongo, anabishana na mtu wa punda. Nilijua kila kitu kwa mara moja: sufuria, blanketi, usingizi wa mchana, kikapu kizito nilichokifurahia mimi mwenyewe. Nilijua pia sheria, kwa maana Inspekta alitusomea. Dorika angeingia jela. Mimi ningetolewa katika laini. Na kama ningefunika kile kikapu, hakuna mtu chini ya mbingu angejua.

Niliomba. Halikuwa ombi refu. Nilisema, "Bwana, nifanye nini?" Sikusikia sauti wala sikuona nuru, na sitaki kuwadanganya kwamba niliona. Nilichosikia ni Wafula. Wodi yake ilikuwa karibu na lango, na dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa hapigi kelele tena. Alikuwa anaguna tu, kama mtu anayesukuma kitu kizito peke yake. Nikaelewa. Usingizi aliokuwa analala mke wangu mchana ulikuwa ni usingizi wa mtu huyu. Na hata huo haukuwa unamsaidia mke wangu. Ulikuwa unamla. Leo ametoa sweta. Kesho kutwa angetoa nini? Kilichobaki nyumbani kilikuwa ni roho yake.

Nikaita, "Sajini!"

Mama Tabitha alifumba macho.

Sajini alipokuja nilimwonyesha chupa. Akatoa gunzi, akanusa, akapiga mluzi. Alitaka kunipiga bega kwa furaha. Nikamwambia, "Ngoja, Sajini. Sweta hii ni ya mtoto wangu marehemu. Imetoka nyumbani kwangu. Mke wangu ananunua."

Yule mtu wa ulimi mkali alirudisha gunzi kwenye chupa. Alitazama sweta, akanitazama. Kisha alivua kofia yake ya serikali, mbele ya wale wanawake wote, akaishika kifuani. Akamwachia askari mwingine Mama Tabitha, akaniambia, "Twende pamoja. Usiende peke yako."

Tulimkuta Dorika ameketi kwenye kizingiti. Alikuwa anamngojea Mama Tabitha. Aliponiona mimi na Sajini, na sweta mkononi mwangu, hakuinuka.

"Umekuja kama askari," akaniuliza, "au umekuja kama Baba Esta?"

Nikamjibu, "Tumekuja wote wawili."

Akaikazia macho ile sweta. Sajini alijifanya anatazama kuku. Kisha Dorika akaingia ndani, nasi tukamsikia anasogeza vitu, akatoka na chupa tatu, mbili tupu na moja yenye dawa kidogo chini. Akaziweka mbele ya miguu ya Sajini. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Nimechoka kuficha," akasema. "Nipelekeni mnakopeleka watu."

Ndugu zangu, mimi nasema wokovu wa Dorika uliingia pale, kwenye kizingiti, kabla hajaombewa na mtu ye yote! Haleluya!

Sasa oneni jinsi Bwana alivyotangulia mbele yetu. Inspekta hakuwa mtu wa kanisa, na alikuwa mkali. Nilisimama mbele yake nikaeleza yote, nikaweka mshipi wangu wa kazi juu ya meza yake, nikangoja. Aliuliza, "Nani aliyegundua habari ya mke wako?" Sajini akajibu, "Yeye mwenyewe, Bwana. Mimi nilikuwa nabishana na mtu wa punda." Inspekta aliusukuma ule mshipi ukarudi upande wangu. Alisema mwanamke huyu kwanza ni mgonjwa, aende hospitali chini ya ulinzi. Akipona, atasema mbele ya hakimu yote anayoyajua, na hakimu ndiye atakayeamua juu yake.

Jioni ile ile walimpekua yule dresa. Ndani ya kabati la dawa walikuta birika ya chai, imepoa. Kumbe hata chai alikuwa hapiki kila siku!

Daktari mzee alinikalisha akanieleza kwamba mke wangu ataona taabu. Alisema mwili wake umezoea dawa, na utaidai kama mtoto anavyodai maziwa. Ilikuwa kweli. Alitetemeka, akatoka jasho, akapiga miayo mpaka mataya yakauma. Tumbo lilimvuruga. Alisema mifupa inamwasha kwa ndani, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna. Alinisihi. Aliniita jina langu la utotoni, ambalo halitumii kamwe, akaniomba matone mawili tu, kwa ajili ya Esta. Niliwekwa kuwa mlinzi wake kwa amri ya Inspekta, nami nawaambia kweli, sijawahi kulinda lango gumu kama lile.

Lakini hatukuwa peke yetu! Mama mchungaji alisikia, na akina mama wa kanisa hili wakaja. Nilifikiri watakuja kumsema. Walikuja na vikapu. Waligawana zamu, wawili wawili, wakamfuta jasho, wakafua nguo zake, wakaimba pole pole ili wasiwasumbue wagonjwa. Wafula, kwenye wodi ya pili, akapeleka neno kwamba waimbe kwa nguvu kidogo, maana yeye naye anataka kusikia. Sasa alikuwa anapewa dawa ya kweli na alikuwa analala. Basi wakaimba kwa nguvu.

Na siku moja asubuhi Mama Rebeka, huyu mliyemwona akiongoza nyimbo leo, alimpa Dorika uji. Dorika akaonja, akakunja uso.

"Nani amepika uji huu?"

"Ni mimi."

"Umeungua, mama."

Mama Rebeka, ambaye mtu akigusa upishi wake ni vita, aliruka juu! Alikimbia ukumbini, kijiko mkononi, akipiga kelele, "Uji wangu umeungua! Bwana asifiwe, uji wangu umeungua!" Wagonjwa walidhani kuna moto. Kwa miezi mitano Dorika alikuwa anakula bila kusikia ladha, na sasa alikuwa amerudi kwa watu wanaolalamika juu ya uji. Tulicheka. Dorika mwenyewe alicheka, na katikati ya kile kicheko akaanza kulia. Alimlilia Esta. Alilia kwa sauti, kama inavyopasa kwetu, akamwita mtoto kwa jina, akauliza kwa nini tulimzika mbali. Akina mama wakalia naye. Nami nilitoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuisema. Mke wangu alikuwa amepewa huzuni yake tena, na ndani ya huzuni ile yeye mwenyewe alikuwamo. Utukufu kwa Bwana!

Mbele ya hakimu Dorika alisimama akasema yote. Mtetezi wa dresa alimwuliza kama haoni aibu. Akajibu, "Naona. Ndiyo maana nasema polepole, ili uandike vizuri." Sajini alilazimika kutoka nje acheke. Dresa alifungwa. Mama Tabitha naye alifungwa, miaka michache kuliko yule. Dorika alionywa na kuachiliwa huru. Sweta ilikaa mahakamani pamoja na chupa, na kesi ilipokwisha nilipewa. Dorika aliifua, akaianika juani, akairudisha chini ya mto wake. Iko pale hata leo.

Sitaki kuwaambia kwamba kila kitu kimekuwa rahisi. Mungu hajatupa mtoto mwingine. Mvua za kwanza zikianza, Dorika huwa mnyamavu, nami huwa mnyamavu. Siku hizo sisi hutembea mpaka kaburini, tukang'oa majani, tukarudi. Lakini anarudi kwa miguu yake, macho yake yakiwa wazi, na usiku analala usingizi aliopewa na Mungu bure.

Kwa hiyo namshukuru Bwana Yesu. Namshukuru kwa lile dirisha lililokuwa wazi. Nawashukuru akina mama wa zamu, na Sajini wangu ambaye alianza kuja kanisani eti kusikiliza zile nyimbo tu, mpaka nyimbo zikamshika. Na kama kuna mtu hapa ana chupa nyumbani, chini ya godoro au ndani ya debe la unga, mimi leo nimekuja bila kofia na bila rungu. Usiniogope. Mwite Yesu, kisha mwite mtu mmoja unayemwamini, ukaziweke chupa zako kwenye kizingiti. Daktari atakusaidia, kanisa litakuimbia, na Bwana atakushika. Mtegemee! Alimshika Dorika!

Nimalizie na jambo la wiki iliyopita.

Mama Tabitha alitoka jela mwezi uliopita. Watu wa karibu na mto walifunga milango. Dorika alijaza kikapu: unga, viazi, maharagwe na kipande cha sabuni. Akakifunika, akampelekea. Sikumwuliza walisema nini huko. Alirudi bila kikapu, na macho mekundu.

Alhamisi jioni nilikuwa nimeketi nje nasugua viatu vyangu vya kazi. Nikasikia sauti, nyembamba kuliko zamani.

"Hodi kwa Mama Esta."

Alikuwa Mama Tabitha, amekonda, na kikapu chetu kichwani. Alikiteremsha mbele yangu, hakwenda jikoni. Kimefunikwa kitambaa.

"Baba Esta," akasema, "pekua."

Nikaendelea kusugua kiatu. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Mmaragoli. Kikapu kilichofunikwa sikifungui."

Dorika akatoka. Akafunua kitambaa yeye mwenyewe, akatia mkono mpaka chini kabisa, akautoa. Ulikuwa ni mrenda mtupu, mbichi, wenye udongo bado. Akanionyesha mkono wake uliojaa majani, akaanza kucheka, na Mama Tabitha akacheka huku anajifuta kwa kanga. Wakaingia jikoni wote wawili. Mlango waliuacha wazi.